Mkaguzi kaniachia siku 30: nianzie wapi?

Swali: Shikamoo mzee. Nina kiwanda kidogo cha kubangua korosho hapa Newala, kwenye godauni la zamani nililolinunua mwaka juzi. Wafanyakazi ni 46, wanawake 38. Wiki iliyopita alikuja mkaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, akaniachia karatasi ya mambo 19 na siku 30 za kuyarekebisha. Glavu nimenunua mara mbili, hawavai. Majirani wameniandikia barua kuhusu moshi, na afisa mazingira wa halmashauri anadai cheti cha mazingira cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Boila haina shida, ilikuwa inapiga mluzi lakini fundi kaitengeneza, umeisha. Mlango wa nyuma nimeufunga kwa kufuli kwa sababu punje zinaibwa. Dawa ya wadudu ghalani tunaweka wenyewe, mlinzi anajua. Kuna jamaa ananiambia nimpe kitu akamalizane nao huko juu. Nianze na kipi? Na je, nifunge kiwanda kwa muda? Msomaji, Newala.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama ulivyoiandika: glavu, moshi, karatasi. Mara ya pili nikarudi kwenye ile mistari mitatu uliyoipita mbiombio, wa boila, wa mlango na wa dawa ya ghala, nikasogeza kikombe cha chai pembeni. Mambo 19 ya mkaguzi tutayafikia. Ila orodha yake hufuata vifungu vya sheria. Haikuambii kipi kitaondoka na mtu kwanza. Kuipanga upya ni kazi yako mwenye kiwanda, na ndiyo nitakayokusaidia.

Tuanze na ghala, tena leo kabla jua halijazama.

Hukutaja jina la dawa, lakini kwa maghala ya korosho huku kwetu, mtu akisema "tunaweka wenyewe" mara nyingi anamaanisha vile vidonge vya fosfidi ya alumini. Kidonge chenyewe hakiui mdudu. Kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gesi iitwayo fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua. Kidonge cha gramu 3 kinatoa gramu 1 ya gesi. Haina rangi. Wengine huisikia kama kitunguu saumu au samaki aliyechina, lakini usiitegemee pua, maana gesi inaweza kufika kiwango cha kudhuru kabla pua haijakwambia kitu. Kiwango kinachokubalika kwa mtu anayeshinda kazini saa nane hakizidi sehemu 0.3 kwenye sehemu milioni moja za hewa. Na hospitalini hawana dawa ya kuiondoa sumu hiyo mwilini. Watamsaidia mgonjwa apumue, watamshikilia moyo, basi.

Sasa unasema mlinzi anajua. Anajua nini? Alfajiri moja ya masika niliingia kwenye ghala la mtu, sitalitaja, nikamkuta mlinzi amelala juu ya magunia, kajifunika pembe ya turubai lile lile lililofunika shehena. Nje mvua ilikuwa inamwagika, akaona aingie ndani. Vidonge viliwekwa jioni yake kwenye rundo la pili. Tulimtoa akiwa anatapika na kushika kifua, anatuambia ni malaria imempanda. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, kifua kubana: kwa mtu wa huku dalili hizo zina jina moja tu, na ndiyo maana fosfini inaweza kuua mtu watu wakasema homa. Yule alipona. Bati la ghala lilikuwa na matundu.

Kwa hiyo mlinzi wako leo alinde kutokea mbali na ukuta wa ghala, na umjengee kibanda hata cha makuti ili mvua isimsukume ndani. Mlangoni bandika tangazo lenye fuvu, tarehe dawa ilipowekwa na jina la aliyeiweka. Muda ukitimia, milango ifunguliwe pande zote, watu wakae mbali, na asiingie yeyote mpaka hewa ipimwe kwa kifaa. Ule unga wa kijivu unaobaki usiukusanye na kuufungia ndani ya ndoo yenye mfuniko, wala kuumwagia maji kidogo kidogo. Bado una gesi, na gesi hiyo huwaka. Tena kagua ukuta unaotenganisha ghala na chumba cha kumenyea. Magodauni ya zamani yana nyufa juu, pale ukuta unapokutana na kenchi, na gesi haiombi ruhusa ya kupita. Kuanzia hapo, ufukizaji afanye mtu mwenye kibali. Viuatilifu viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, kwa hiyo mfukizaji yeyote atakayekuja muombe kibali chake kabla hujamuonyesha ghala.

Boila. Umeandika kwamba ilikuwa inapiga mluzi, fundi akaitengeneza, mluzi ukaisha. Mwanangu, mluzi ule ndio uliokuwa unawalinda. Ni vali ya usalama inafunguka kupunguza presha. Ikinyamaza, ama presha kweli imerudi chini, ama kuna mtu kaifunga. Nimeshaona vali iliyofungwa waya wa kufungia magunia, na nyingine iliyoning'inizwa kipande cha nondo ili isinyanyuke, eti inapoteza mvuke. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya lita 1,600 hivi. Ukiyanyima nafasi hayo maji, yataitafuta yenyewe, na wanaokaa karibu na boila yako ni wale vijana wawili wa kuchochea moto.

Zima moto leo, acha boila ipoe yenyewe mpaka kesho. Ikishapoa kabisa, angalia mshale wa geji ya presha. Unapaswa kulala kwenye sifuri. Ukiukuta umesimama namba nyingine, geji imekufa, na mmekuwa mkiiamini maiti. Angalia kile kioo cha kuonyesha usawa wa maji, kama bado kinaonekana au kimeziba kwa chokaa. Na waambie wachochea moto neno moja ambalo mafundi wengi hawaliambii: maji yakipotea kwenye kioo wakati moto unawaka, usiongeze maji. Ondoa moto, ondoka, acha ipoe. Maji ya baridi yakigusa chuma kilichoiva, mvuke unazaliwa kwa mara moja wote.

Boila na mitungi ya presha hukaguliwa na mtu anayetambuliwa kisheria, na hupewa hati. Fundi wa kuchomelea, hata awe hodari namna gani, si mkaguzi wa boila. Piga simu ofisi ya OSHA Kanda ya Kusini, pale Mtwara, omba ukaguzi huo wewe mwenyewe. Wakaguzi wanamtofautisha mwajiri anayewaita na yule anayesubiri wamfuate.

Mlango wa nyuma sina maneno mengi. Fungua kufuli leo. Ukumbi wako una maganda yenye mafuta, una maganda membamba makavu ya kumenya yanayoshika moto kama karatasi, una oveni ya kukaushia, na una watu zaidi ya arobaini. Moto ukianzia upande wa mbele watakimbilia wapi? Wizi wa punje upo, najua, hata kilo mbili kwa siku zinauma. Weka kwenye mlango komeo la kusukuma linalofunguka kutoka ndani bila ufunguo, na kengele inayolia kila ukifunguliwa. Upekuzi wa wanawake ufanywe na mwanamke, kwenye mlango wa mbele, kwa staha. Zimamoto watakuja kukagua na watakuambia mitungi mingapi na ya aina gani. Namba yao ya dharura ni 114, iandike ukutani kwa rangi, si kwa chaki.

Sasa mikono. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwa sauti ya barua yako umeshaanza kuwaona hao wanawake ni wakaidi.

Chukua kigoda, kaa karibu na mbanguaji mmoja nusu saa, usiseme kitu. Mguu uko kwenye pedali, mkono wa kulia kwenye mpini, wa kushoto unalisha korosho katikati ya visu viwili. Haitazami. Anaigeuza kwa ncha za vidole mpaka mbonyeo wake ukae unapotakiwa, kwa sababu ikikaa upande kisu kitakata punje. Visu vinabana, ganda linapasuka, na kwenye ule mpasuko unaona kitu cha hudhurungi kinachuruzika kama asali nyeusi. Hayo ndiyo mafuta ya ganda. Mna asidi ya anakadi na kadoli ndani yake, vitu vinavyobabua ngozi. Kidole gumba na cha shahada ndivyo vinavyokula zaidi. Ngozi inakuwa nyeusi, inabanduka, inaota mpya laini kama ya mtoto mchanga, halafu kabla haijakomaa inababuliwa tena.

Mwanzoni mwa 2020, laini za simu zilipokuwa zinasajiliwa kwa alama za vidole, nilikuwa kwenye foleni Masasi. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja, kidole chake kinakataliwa na kile kimashine. Kijana wa usajili akamwambia, "Mama, futa mkono." Akafuta kwa kanga. Kikakataa. Akafuta tena. Mwishowe kijana akamshika kiganja, akakigeuza kwenye mwanga, akanyamaza. Mistari haikuwepo. Mama alikuwa mbanguaji kwa miaka kumi na moja. Walihangaika na vidole vyote mpaka wakafika kidole cha mwisho cha mkono wa kulia, ule wa mpini, ndicho kilichokubali. Mama akacheka, akasema kumbe hiki ndicho mtu.

Kwa nini basi hawavai glavu? Unawalipaje? Hukusema, lakini nina hakika unawalipa kwa kilo, na punje nzima ina bei yake, vipande vina bei yake. Glavu nene inamnyang'anya mbanguaji zile ncha za vidole zinazoijua korosho. Anapunguza kasi, anavunja punje nyingi, jioni anapeleka nyumbani hela pungufu. Umempa kinga ukamwachia ailipie yeye kwa ujira wake. Ningekuwa yeye nami ningeivua, na wewe pia.

Anza kabla ya kufika kwenye glavu. Korosho iliyopikwa kwa mvuke ikaachwa ipoe saa 12 hadi 24, ganda lake hukauka, linakatika kwa mlio. Iliyotolewa jikoni asubuhi ikabanguliwa mchana huo huo hutema mafuta. Oda ikiwa ya haraka wengi huukata muda wa kupoa, na hapo mikono inaungua maradufu. Kwa hiyo kinga yako ya kwanza ya ngozi ni sakafu ya kupozea yenye nafasi ya kutosha mzigo wa siku mbili, na msimamizi anayekataa kutoa mzigo kabla ya saa. Hiyo hainunuliwi dukani. Kinga ya pili ni kipande cha bati au plastiki ngumu mbele ya visu, kuzuia michirizi isiruke usoni. Pamoja na miwani, maana jicho likipata mafuta haya utamkimbiza mtu hospitali.

Ndipo uje kwenye glavu. Usinunue zile za mpira mwembamba za hospitali, mafuta huzivimbisha zikachanika. Tafuta za nitrili, za ukubwa mbalimbali, kwa sababu mkono wa binti wa miaka ishirini si mkono wa bibi. Ndani wavae za pamba nyepesi kupunguza jasho. Kwa mkono wa kushoto, unaoshika korosho, jaribu vikofia vya vidole badala ya glavu nzima. Waite wabanguaji wako watano wenye kasi kuliko wote, wape aina tatu, waamue wao. Na kwa wiki mbili au tatu za kuzoea, walipe wastani wa ujira wao wa mwezi uliopita, hata kama kilo zimeshuka. Najua hilo linauma mfukoni. Piga hesabu ya watu wanaokosa kazi kila wiki kwa sababu ya vidonda, ulinganishe.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Kupaka mafuta ya nyonyo au ya nazi kabla ya kubangua kunasaidia kweli, kunaweka tabaka kati ya ngozi na mafuta ya ganda. Wanunulie wewe, ndoo iwe pale mezani. Majivu nayo wengi hupaka juu yake ili vidole visiteleze. Makavu si neno, lakini majivu mabichi yenye maji ni makali yenyewe, yanakausha ngozi ikapasuka. Na mtu akimwagikiwa, maji peke yake hayafui dafu kwa mafuta. Afute kwanza kwa kitambaa kikavu, apake mafuta ya kula, afute tena, ndipo sabuni na maji mengi. Maji mengi Newala, najua unacheka. Miaka nenda rudi maji ya uwanda wa Makonde ni ya kusubiri. Weka gata kwenye hilo bati la godauni na simtanki mbili, na maji ya kunawa yasichanganywe na ya boila, la sivyo yatakwisha boilani.

Nguo za kazi zibaki kazini. Mama akirudi na kanga ya kubangulia akambeba nayo mtoto, mtoto anaunguzwa na mafuta yaliyobaki kwenye kanga. Mjamzito au anayenyonyesha, sheria ya ajira ya 2004 inakukataza kumpa kazi yenye hatari kwake au kwa mtoto, na anayenyonyesha ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mhamishie kwenye kuchambua madaraja. Na binti wa chini ya miaka 18 asionekane kiwandani hata kama mama yake ndiye kamleta likizo "amsaidie". Vifaa vyote vya kinga ni gharama yako, usikate senti kwenye ujira.

Moshi wa majirani. Nadhani unachoma maganda kwenye tanuru la boila, kama wote. Kuni ni ghali, maganda yapo bure. Tatizo ni kwamba karibu robo ya uzito wa ganda ni mafuta yale yale. Yakiungua kwenye moto wa baridi wenye hewa haba unapata ule moshi mweusi mzito unaowasha macho na koo, na masizi yanayoganda kwenye bati la jirani, mvua ya kwanza ikinyesha yanaingia kwenye tangi lake la maji ya kunywa. Kwa Newala hilo si suala la harufu tu. Jirani anakinga maji ya mvua kama wewe. Barua yao isome ukiwa umekaa upande wao.

Barua ina tarehe gani? Nauliza kwa sababu ya upepo. Miezi ya kusi moshi unaenda upande mmoja wa mji, kaskazi ikigeuka kuanzia Novemba, katikati ya msimu wakati mnachoma mchana na usiku, unaenda upande mwingine. Simama nje na kipande cha utepe uone nani anaupokea mwezi gani. Halafu fanya kazi kwenye tanuru. Lisha maganda kidogo kidogo badala ya kujaza mdomo wote. Toboa njia ya hewa juu ya moto, si chini yake pekee, moshi uungue kabla haujatoka. Bomba la moshi lipande juu ya paa za majirani. La maana kuliko yote, kama unaweza kumpata anayekamua mafuta ya maganda, muuzie, kisha uchome makapi yaliyokamuliwa, moshi hupungua sana. Mafuta hayo yana soko, yanaingia kwenye rangi, vanishi na breki za magari. Lile rundo la maganda nyuma ya ukuta, ambalo sijaliona lakini najua lipo, liwekwe juu ya sakafu ya saruji chini ya paa. Mvua ikilipiga, mafuta yanashuka ardhini. Na usilichome wazi kamwe, hata siku ya kufanya usafi.

Kuhusu cheti, afisa mazingira wa halmashauri hakuonei. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Namba 20 ya 2004 inataka mradi mpya ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla haujaanza. Wako umeshaanza, kwa hiyo njia yako ni ukaguzi wa mazingira wa mradi uliopo, unaofanywa na mtaalamu aliyesajiliwa. Kwanza muulize aliyekuuzia godauni kama lilikuwa na cheti. Kama kipo, kuna utaratibu wa kukihamishia jina lako na kukifanyia marekebisho, na utaokoa hela nyingi. Kama hakipo, nenda ofisi ya NEMC ya kanda, Mtwara, na maelezo ya ukurasa mmoja: unabangua tani ngapi, boila ya ukubwa gani, maji machafu yanaenda wapi. Wao ndio watakuambia mradi wako uko kundi gani. Usimlipe mshauri kabla ya kujua kundi. Nimeona watu wameandikiwa ripoti nene ya mradi mkubwa kwa kibanda cha mashine nne.

Zilizobaki kwenye orodha ya mkaguzi, nyingi ni karatasi, na zitaenda haraka kuliko unavyodhani. Usajili wa eneo la kazi chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, ambao siku hizi hautozwi ada. Sera yako ya usalama, ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosomeka, si ile ya kunakili kwa kampuni ya gesi. Wawakilishi wa usalama, ambao sheria inawataka mwajiri akiwa na wafanyakazi zaidi ya wanne. Wachaguliwe na wenzao, na angalau mmoja atoke kwenye meza za kubangua, maana msimamizi wa zamu atakuambia unachotaka kusikia. Tathmini ya hatari, ambayo kama umefuata haya niliyoandika umeshaifanya nusu. Kaa na wawakilishi mtembee kuanzia gunia linaposhushwa mpaka katoni inapofungwa, mkiandika. Daftari la ajali, ziandikwe na ndogo. Upimaji wa afya wa wafanyakazi wanapoanza kazi, kila kipindi, na wanapoondoka, kwa gharama yako. Mwambie daktari aangalie hasa ngozi, mapafu na macho.

Halafu Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mkaguzi hakuutaja kwa sababu si wa ofisi yake, lakini kama hujajisajili, jisajili wiki hii. Mchango kwa sekta binafsi ulikuwa asilimia 1 ya mishahara, umeshushwa mpaka asilimia 0.5, na ni wa mwajiri peke yake. Waajiri wengi huku wanaandikisha makarani watatu na kuwaacha wabanguaji wote nje, eti ni vibarua wa msimu. Kibarua naye ni mfanyakazi. Vidole vyake vikikatwa na kisu mwezi wa Novemba, hutamwambia subiri msimu uishe.

Jamaa wa kumalizana naye, mkwepe. Malipo yote halali ya ofisi hizi yana namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, unalipa benki au kwa simu na risiti inatoka. Anayetaka utume kwenye namba yake binafsi hana anachomaliza. Atakurudia mwakani, na vali yako itakuwa bado imefungwa waya.

Swali la kufunga. Usifunge chote. Ghala lifungwe mpaka hewa ipimwe, boila izimwe mpaka ikaguliwe. Korosho zilizokwisha kupikwa na kupoa ziendelee kubanguliwa, zenye kukaushwa ziendelee, kumenya na kuchambua kuendelee, mlango wa nyuma ukiwa wazi. Hiyo inakupa siku kadhaa za kazi, na watu hawakosi ujira. Ndani ya siku hizo mwandikie mkaguzi barua: haya nimeshafanya, na tarehe zake, boila nimeomba ikaguliwe, yaliyobaki nitamaliza lini. Kama kuna kitu hakitawezekana ndani ya siku 30, paa la kupozea kwa mfano, sema sasa hivi, uombe muda kwa maandishi, ukiambatisha risiti ya saruji uliyokwisha kununua. Usisubiri siku ya 29.

Na kabla ya yote hayo, nenda ukamwangalie mlinzi yuko wapi.